Ukuta Usiozinduliwa

Meli ilipasuka tangi saa kumi na mbili na robo asubuhi, karibu na boya namba nne, ikamwaga tani themanini za mafuta mazito. Kufikia saa moja kompyuta ya kituo cha kudhibiti mafuta baharini ilikuwa imeshasema mafuta yatakwenda kaskazini, ufukwe wa hoteli. Kompyuta ilikuwa imekosea. Watu wawili kituoni walijua kwamba imekosea, na mmoja wao ndiye aliyeiendesha.

Huyo aliyeiendesha alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye shahada mbili na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kukisia mafuta yakimwagika yatasukumwa wapi, na yatafika saa ngapi. Kituoni walimwita Mtaalamu. Mtu aliyesimama nyuma ya kiti chake, akinuka grisi na maji ya chumvi, alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake wa tumbo moja. Mjomba alikuwa fundi wa vipimo vya maji. Alikwangua magamba kwenye nguzo za kupimia, akabadilisha betri, akaendesha boti kukiwa na haja. Shule aliiacha darasa la sita. Kituo kizima kilimwita Machungwa, na jina lilikuwa limemganda hata yeye mwenyewe akipigiwa simu aliitika nalo.

Jina lilikuja hivi. Kila mwezi, kwa miaka mitatu, asubuhi ambayo bahari imetulia kama mafuta ya taa kwenye sahani, alikwenda boya namba nne na machungwa arobaini aliyoyaandika namba kwa wino mzito, akayamwaga majini. Chungwa huzama karibu lote, hubaki kisogo tu. Haliendi mbio na upepo kama chupa tupu. Linakwenda maji yanakokwenda. Akishayamwaga alirudi ofisini kusubiri simu ya dada yake.

Dada yake mkubwa, mama wa Mtaalamu, aliishi upande wa kusini, kwenye hori, pale bahari inapoingiza mkono wake nchi kavu. Yeye na wanawake wenzake thelathini walifuga chaza humo, kwenye vichanja vya miti mia mbili na kumi na viwili. Vichanja vyake mwenyewe vilikuwa tisa, vya mwisho kabisa mdomoni mwa hori, maana alikuwa wa kwanza kuanza na alichagua maji safi zaidi. Chaza wa vichanja hivyo walimlipia Mtaalamu ada tangu darasa la kwanza hadi shahada ya pili.

“Namba kumi na nane imeingia,” dada angesema kwenye simu.

“Saa ngapi?”

“Saa tano na robo. Tamu, ila ina chumvi.”

“Dada, nimekwambia usiyale! Hayo ni ya kazi.”

“Na mimi ninayekaa hapa kuyaangalia ni wa nini? Wa mapambo?”

Kila mwezi, machungwa thelathini na tano, thelathini na sita, yaliingia horini, muda wa saa tano hivi tangu kutupwa. Moja au mawili yalikwenda kaskazini. Mengine Mungu alijua.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani maji yakipwa yalikimbia kaskazini moja kwa moja, yakapita mbele ya bandari, na mtoto wa miaka saba angekwambia. Kisha bandari ikajengewa ukuta wa kuzuia mawimbi, mita elfu moja na mia moja za mawe kutoka ncha ya gati hadi baharini. Tangu siku hiyo maji yakipwa yaligonga mawe, yakageuka, yakarudi kusini yakiambaa na ufuo, na yalipoanza kujaa tena yalimezwa na hori.

Ukuta ulikuwa na miaka mitatu. Ndege walishataga juu yake. Vijana walishaandika juu yake nani anampenda nani, na wengine wakaja kufuta. Lakini haukuwa umezinduliwa. Mgeni rasmi aliahirisha mara tano, na ukuta usiozinduliwa ni kazi isiyokabidhiwa, na kazi isiyokabidhiwa haiingii kwenye ramani rasmi ya bahari. Na programu ya kituo iliruhusiwa kutumia ramani rasmi tu. Kwa hiyo ndani ya kompyuta palipokuwa na mawe palikuwa na maji ya buluu, na mafuta ya kompyuta yalipita katikati ya ukuta kama moshi unavyopita kwenye chandarua.

Mkuu wa kituo aliingia akiwa amevaa tai na viatu vya mpira. Wao walimwita Bwana Rasmi, nyuma ya mgongo wake na mara nyingine mbele.

“Ramani imetoka?”

“Imetoka, mkuu,” Mtaalamu alisema. “Inasema kaskazini. Lakini sikubaliani nayo.”

“Umeiendesha mwenyewe halafu hukubaliani nayo?”

“Ukuta haumo.”

“Ukuta upi?”

Machungwa alikohoa. “Ule ambao jana niliegesha boti kando yake.”

“Fundi, sikukuuliza wewe.” Bwana Rasmi aliitoa ile karatasi kwenye mashine, akaipiga muhuri, akaipuliza wino ukauke. “Ukuta huo kiserikali bado. Ukishakuwa, tutautia. Mikanda yote mita mia sita ipakiwe, iende kaskazini mara moja. Hoteli zimeshapiga simu.”

Mikanda ilikuwa kama nyoka wa plastiki wa rangi ya machungwa, wanaoelea na pazia zito linaloning'inia chini yao. Ukiizungushia mahali, mafuta yanakwama nje. Kituo kilikuwa na mita mia sita, hazikuzidi hata moja. Zingetosha upande mmoja tu.

“Mkuu,” Machungwa alisema, “mafuta yale yanakwenda horini. Nimeshatupa machungwa elfu moja na mia nne pale.”

“Na ripoti yake ipo wapi? Muhuri wake upo wapi?” Bwana Rasmi hakuwa mtu mbaya. Miaka minane nyuma, mahali pengine, alitumia namba alizopewa na nahodha mmoja kwa mdomo, zikatokea za uongo, akashushwa vyeo viwili. Tangu hapo kitu kisicho na muhuri hakukigusa hata kwa fimbo. “Siendeshi kituo hiki kwa matunda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.”

“Guu ni langu,” Machungwa alisema.

Bwana Rasmi alimtazama, akatoka kwenda kupokea simu za hoteli.

Sasa hapo ndipo Machungwa alipokosea, na afadhali lisemwe wazi kwa sababu mwenyewe hakulificha baadaye. Gatini boti ilikuwa inapakiwa. Fundi wa injini, mwanamke mpana mwenye sauti ya honi waliyemwita Mama Grisi, alikuwa ameshaviringisha mikanda nyuma ya boti, na injini ilikuwa inanguruma. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Mtaalamu alimgeukia mjomba wake, akasema kwa sauti ya chini:

“Mjomba, nenda. Toka na hiyo mikanda sasa hivi, uende kusini. Hayo mengine tutajibu baadaye.”

“Hapana,” Machungwa alisema. “Wewe utie huo ukuta humo ndani. Uendeshe tena. Nataka nimwekee karatasi mezani huyu bwana. Nataka aione kwa macho yake.”

“Itachukua nusu saa na zaidi.”

“Tuna hadi saa tano na robo. Machungwa hayajawahi kuwahi hata siku moja. Chora ukuta, mwanangu.”

Miaka mitatu walikuwa wamemcheka. Alitaka siku moja tu acheke yeye. Akatoka nje, akampigia Mama Grisi kelele azime injini, ajifanye anasubiri dizeli.

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Bahari ya kompyuta ilikuwa imegawanywa visanduku vidogo vidogo kama daftari la hesabu, vya buluu ni maji, vya kahawia ni nchi kavu. Alianza kubonyeza kimoja kimoja. Kila alipogeuza kisanduku kuwa kahawia, programu ilimuuliza kama ana uhakika, maana anaharibu ramani rasmi. Kila mara alijibu ndiyo. Ukuta ulikula visanduku arobaini na vinne. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara arobaini na nne.

“Inakuuliza kama mkwe,” Machungwa alisema.

“Nyamaza, Mjomba, nitaruka kimoja halafu mafuta yapite hapo.”

Akatia saa za maji kupwa na kujaa kutoka kwenye kipimo ambacho mjomba wake alikikwangua wiki ile ile. Akatia upepo. Akabonyeza. Vidoa vyeusi elfu mbili vikatoka kwenye boya namba nne, vikaelekea kaskazini kwa pamoja kama wanafunzi wanaokwenda paredi. Vikafika kwenye visanduku vya kahawia. Vikasita, vikarundikana. Kisha vikaanza kugeuka.

“Ona,” Machungwa alinong'ona. “Ona hao. Ona hao!”

Vikashuka kusini. Maji yalipoanza kujaa, mdomo wa hori ukavivuta ndani kama mtu anavyokunywa uji. Machungwa alipiga kofi ukutani hadi kalenda ikaanguka.

Mtaalamu hakufurahi. Alikuwa anaangalia saa iliyokuwa pembeni mwa kioo.

“Saa tatu na dakika arobaini,” alisema.

“Ndiyo nini?”

“Ndiyo saa ya mafuta kufika horini. Si saa tano na robo.”

“Haiwezekani. Machungwa yangu...”

“Machungwa yako yanazama, Mjomba. Mafuta yanakaa juu. Upepo unayateleza. Na wewe hujawahi kuyatupa siku ya upepo hata moja, kwa sababu ukitupa siku ya upepo huyaoni.” Alinyoosha kidole dirishani. Bendera ya bandari ilikuwa imenyooka kama imepigwa pasi, ikielekea nchi kavu.

Machungwa aliitazama ile bendera. Ilikuwa saa mbili kamili. Dakika arobaini alikuwa ameziachia zipite ili ashinde ubishi.

Alinyakua karatasi iliyokuwa inatoka kwenye mashine. Juu yake, kwa wekundu, programu ilikuwa imejiandikia yenyewe: RAMANI SI RASMI. Hakumpelekea mtu yeyote. Aliikunja akaitia mfukoni, akakimbia gatini, mtu wa miaka hamsini na mitatu mwenye goti bovu.

“Dizeli imefika?” Mama Grisi aliuliza.

“Washa.”

“Kaskazini?”

“Kusini. Unaweza kushuka ukitaka. Mimi sikulazimishi.”

Mama Grisi alitema mate majini. “Maji ukiyavulia nguo yaoge. Mimi nimeshavua tangu asubuhi, nakusubiri wewe unayefungua vifungo.” Akawasha.

Walipofika ncha ya ukuta redio ikaita. Ilikuwa sauti ya Bwana Rasmi, na alikuwa anawaona kwa darubini kutoka ghorofani.

“Boti, mbona mnaelekea kusini? Kaskazini! Narudia, kaskazini!”

Machungwa alishika redio. “Tunashindwa kwenda kaskazini, mkuu. Kuna ukuta.”

“Zungukeni ukuta!”

“Ukuta upi, mkuu?”

Mama Grisi alikuwa ameinamia usukani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

“Fundi, nakuamuru. Hii inarekodiwa.”

“Vizuri. Basi rekodi hivi. Mimi, fundi wa vipimo vya maji, napeleka mikanda horini, kwa akili yangu, sijalewa, usukani haujakwama. Mafuta yanafika saa tatu na dakika arobaini. Mkuu ameambiwa.” Akairudisha redio mahali pake, akaizima.

Walifika horini saa mbili na dakika thelathini na tano. Dada yake alikuwa ameshasimama kwenye maji ya kiuno, sketi ameifunga kiunoni, wanawake kama ishirini nyuma yake. Mtaalamu alikuwa amempigia.

“Umechelewa!” dada alipaza sauti.

“Najua!”

“Mtoto ameniambia ulikuwa unangoja karatasi!”

“Nimesema najua, dada! Shika kamba!”

Kuziba mdomo wa hori si kama kufunga mlango. Ukiunyoosha mkanda moja kwa moja mbele ya maji yanayoingia kwa nguvu, maji yanayavuta mafuta chini ya pazia yanatokea upande wa pili, na unabaki umepamba bahari bure. Lazima uulaze mshazari, ili mafuta yateleze ubavuni mwake hadi pembeni penye maji mapole, uyakombe hapo. Mdomo wa hori ulikuwa mita mia tatu na hamsini. Kwa mshazari, zilihitajika zote mia sita. Kila mita hamsini nanga. Kila nanga isubiriwe ishike.

Palikuwa na nguzo mbili za kufungia mwisho wa mkanda, mabaki ya daraja la zamani. Moja ilikuwa nje, mbele ya vichanja tisa vya dada. Nyingine ilikuwa ndani, nyuma ya vichanja hivyo. Machungwa alielekea ya nje. Walishusha nanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawake walivuta kamba wakiwa wamepanga mstari majini, mmoja akihesabu na wengine wakiitikia. Nanga ya nne iliburura kwenye tope, wakairudia. Ya tano ikaburura, wakairudia mara mbili. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na kila dakika yalizidi kusukuma.

Saa tatu na nusu zilikuwa zimebaki nanga tatu. Simu ya Machungwa ikalia.

“Mjomba, nayaona kutoka juu ya paa,” Mtaalamu alisema. “Yameshageuka. Yanakuja kama yalivyochorwa. Huyu bwana amekuja kunitoa ofisini, nimejifungia huku na ngazi nimeivuta.”

“Shuka, utaanguka.”

“Funga mkanda kwanza, halafu ndiyo unishushe.”

Kisha harufu ikafika. Ilikuja kabla ya kitu chenyewe, nzito, ya lami na mayai mabovu, na wanawake majini wakanyamaza kuhesabu. Nyuma yake bahari ilikuwa imebadilika rangi, na mawimbi yaliyokuwa yanavunjika yaliacha kuvunjika, yakawa yanainuka tu na kulala kama shuka linalokung'utwa taratibu.

Machungwa alipima kwa macho. Hadi nguzo ya nje zilibaki mita themanini, na mkondo ulikuwa unamkabili uso kwa uso. Hadi nguzo ya ndani zilibaki thelathini, na mkondo ungemsukuma. Nguzo ya nje ingewezekana angekuwa na nusu saa. Alikuwa na dakika kumi.

Alimtazama dada yake. Dada alikuwa anaitazama nguzo ya nje, na vichanja vyake tisa, na ule weusi unaokuja. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka. Darasa la sita ndugu yake alipoacha shule, yeye ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kwa makombe ya chaza.

“Funga ya ndani!” alipaza sauti.

“Dada, vichanja vyako...”

“Nimezaa viziwi, nimelea viziwi! Funga ya ndani! Mia mbili na tatu au tisa, wewe ulisoma wapi?”

Mama Grisi hakungoja. Aligeuza usukani. Boti ikasukumwa kuelekea nguzo ya ndani, Machungwa akarusha kamba, akaizungusha nguzo mara moja, mara mbili, na mkanda wote wa mita mia sita ukavutwa na bahari kwa wakati mmoja. Kamba ikabana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa katikati ya kamba na nguzo. Hakupiga kelele, kwa sababu hakuelewa mara moja. Alimalizia fundo kwa mkono wa kulia, fundo zuri, akavuta mkono wa kushoto ukatoka, na kuna kitu hakikutoka nao.

“Mama Grisi,” alisema, “nipe tambara.”

Saa tatu na dakika arobaini na tano mafuta yaligusa mkanda. Yalisita, yakarundikana, kisha yakaanza kuteleza ubavuni, taratibu, kuelekea pembeni penye maji mapole, ambako wanawake walikuwa wanangoja na ndoo. Ndani ya mkanda maji yalibaki ya kijani. Nje yake vichanja tisa vilifunikwa hadi juu, kimoja baada ya kingine. Dada alisimama akaviangalia hadi cha mwisho. Kisha akamgeukia mwenye ndoo aliyekuwa karibu.

“Unanitazama nini? Komba.”

Na kaskazini? Mafuta kidogo yalizunguka ncha ya ukuta, kama lile chungwa moja au mawili ya kila mwezi, yakaupaka ufukwe wa hoteli madoa madoa ya ukubwa wa chapati. Picha zilipigwa za madoa hayo. Za hori hakuna aliyepiga, maana horini hakukuwa na la kupigwa picha.

Wiki mbili baadaye ukuta ulizinduliwa. Mgeni rasmi alipatikana ndani ya siku tatu tu, utepe ukakatwa, na jioni yake visanduku arobaini na vinne vikaingia kwenye ramani rasmi.

Wiki ya tatu Machungwa aliitwa kwenye kamati, mkono umefungwa bandeji kama ngumi ya bondia. Watu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, Bwana Rasmi pembeni yao. Mwenyekiti hakuwa mkali. Alimsogezea karatasi iliyokwisha chapwa.

“Soma, fundi. Tumekuandikia vizuri.”

Karatasi ilisema kwamba siku ya ajali usukani wa boti ulikwama, boti ikapelekwa kusini na mkondo, na wafanyakazi wakaamua kutumia mikanda mahali walipojikuta. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi.

“Ukisaini hapa,” mwenyekiti alisema, “hakuna aliyekaidi amri, hakuna aliyekosea ramani, wewe unamaliza miezi yako saba ya mkataba unachukua kiinua mgongo. Kila mtu analala.”

“Usukani haukukwama.”

“Tunaelewa. Lakini...”

“Usukani niliutengeneza mimi,” Mama Grisi alisema kutoka mlangoni, ambako hakuna aliyemwalika. “Mkiandika ulikwama mnanitukana mimi na spana zangu.”

“Mama, subiri nje tafadhali.”

“Nasubiri hapa hapa.”

Machungwa alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi yake mwenyewe. Ilikuwa imelowa maji ya bahari ikakauka, imelowa damu ikakauka, na mikunjo yake ilianza kuchanika. Aliikunjua juu ya ile yao. Vidoa vyeusi vilionekana bado, vinagonga ukuta, vinageuka, vinaingia horini, na maneno mekundu yalionekana juu yake.

“Hii ilichapwa saa mbili asubuhi siku ile,” alisema. “Iliyofanya kazi ni hii. Mpwa wangu aliichora akiambiwa mara arobaini na nne kwamba anakosea. Nikisaini yenu, hii inakuwa bahati. Na haikuwa bahati. Kesho meli nyingine itapasuka, na mwingine kama yeye atakaa pale aulizwe kama ana uhakika, na ataogopa. Andikeni hivi: fundi alijua, alisema, akakatazwa, akaenda. Hiyo nasaini. Hata kwa mkono huu.”

“Utapoteza kila kitu, fundi,” Bwana Rasmi alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya. “Weka sahihi. Mimi nilikataa karatasi kama hii nilipodanganywa na yule nahodha, nikashushwa vyeo. Najua.”

“Ulikataa, halafu ukaogopa maisha, mkuu. Mimi nimekataa basi.”

Waliyaandika maneno yake kwa sharti kwamba akisaini anafukuzwa, akasaini, na barua ya kumfukuza ikatoka siku hiyo hiyo, na muhuri wake.

Jioni alikwenda horini. Dada alikuwa anang'oa miti ya vichanja vyake, weusi wa mafuta bado umegandamana nayo. Machungwa alivua viatu akaingia majini kumsaidia kwa mkono mmoja.

“Zile dakika arobaini, dada,” alisema.

“Shika mti huo.”

“Ningetoka saa moja na dakika ishirini, ningefika nguzo ya nje.”

“Najua. Nilipiga hesabu siku ile ile, nikiwa majini.” Alivuta mti ukatoka na tope. “Ulitaka kushinda. Umeshinda. Shika mti.”

Hesabu ilikuwa hivi. Vichanja mia mbili na tatu vilibaki na chaza hai. Vichanja tisa vilikufa, na kichanja kipya hukaa miaka mitatu kabla hakijakupa kitu. Ufukwe wa hoteli ulifagiliwa siku kumi na moja. Mita mia sita za mikanda zilitupwa, hazikufaa tena. Mtaalamu alipewa barua ya onyo kwa kuharibu ramani rasmi, akaendelea na kazi kwa ramani ile ile aliyoiharibu. Mama Grisi alikatwa mshahara wa mwezi mmoja. Machungwa alilipa miaka ishirini na sita ya kazi, kiinua mgongo chake chote, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na nusu ya kinachofuata. Na dakika arobaini, ambazo hakuna kamati iliyomuuliza.